Vibao Kumi na Vinne vya Fundi Hamduni

Hamduni Shomari alikuwa seremala wa Bunda ambaye watu hawakuipima kazi yake mara ya pili. Babu yake alitoka Kigoma na mizigo ya wafanyabiashara, akaoa Musoma, na tangu hapo ukoo mzima ulikula kwa randa na msumeno. Waislamu wenzake wa mjini walimwagiza vitanda na milango. Wakulima wa pamba wa vijijini, Wakristo kwa wingi, walimwagiza mabenchi ya kanisani na majeneza. Hakuwa mlevi, hakuwa mwongo, na akisema Ijumaa basi ilikuwa Ijumaa. Alikuwa na kasoro moja, ambayo wakati ule sote tuliiita sifa: alipenda kila kitu kiwe sawasawa, na alipoona kitu hakiko sawasawa alijua papo hapo kwamba kuna mtu wa kulaumiwa.

Mwaka 1983 ulikuwa mwaka mbaya kwa mtu wa namna hiyo. Sukari ilifika pungufu, saruji ilifika pungufu, na madaftari ya shule yalifika kurasa za katikati zimenyofolewa. Ilikuwa miezi ya msako wa wahujumu uchumi. Watu walitupa doti za vitenge na magunia ya chumvi porini kwa hofu ya kukutwa navyo. Kila upungufu ulitafutiwa mwizi, na aliyethubutu kusema kitu kimepungua chenyewe alionekana anamtetea mhujumu.

Katika miezi hiyo ndipo fundi Hamduni alipoitwa kwenye chuo kimoja nje kidogo ya mji kukagua piano. Ilikuwa ya daktari mmoja Mzungu wa Musoma ambaye alirudi kwao akaiacha kama zawadi kwa chuo. Ilikaa stoo miezi mitano kwa sababu hakuna aliyejua kuipiga. Panya waliingia. Sasa makamu mkuu wa chuo, Bwana Silasi, alitaka itengenezwe iwekwe ukumbini.

Mtunza stoo alikuwa Jeska, mama wa watoto watatu, mwenye miaka kumi na mmoja katika kazi hiyo. Ndiye aliyefunua turubai. Hamduni alikuwa hajaona piano maishani mwake. Aliinua kifuniko, akatazama ule mstari mrefu wa vibao vyeupe na juu yake vibao vyeusi, vyembamba, vya mpingo mzuri. Akatazama tena. Akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Dada Jeska," alisema, "hivi vingine viko wapi?"

"Vingine vipi?"

"Vyeusi. Tazama. Hapa viwili, halafu pengo. Hapa vitatu, halafu pengo. Viwili, pengo. Vitatu, pengo. Mpaka mwisho."

"Fundi, ilikujaga hivyohivyo."

"Kila kitu siku hizi kinakuja hivyohivyo."

Bwana Silasi, aliyekuwa mlangoni, alisogea. "Vingapi havipo?"

Hamduni alihesabu. Vyeupe hamsini. Kati ya vyeupe hamsini kuna nafasi arobaini na tisa. Vyeusi vilikuwa thelathini na vitano. "Kumi na vinne," alisema.

"Mimi sijang'oa kitu!" Jeska alisema. "Ningevipeleka wapi? Nikavipike?"

"Mpingo una wanunuzi, mama," alisema Bwana Silasi, akatoa karatasi. "Fundi, tuandikie hayo, uweke sahihi."

Hamduni aliandika: *Vipande vyeusi kumi na vinne havipo. Vinaonekana kung'olewa.* Akatia sahihi yake nzuri ya madrasa.

Hapo ndipo pa kumlaumu. Kabla ya kuandika alipitisha kidole kwenye mapengo yale, akakuta mbao ni laini, hakuna alama ya gundi wala mkwaruzo wa patasi. Fundi mwingine angesita. Yeye alijiambia kwamba mwizi alikuwa stadi. Mtu akishajipa uhakika, hata kile kinachompinga hukigeuza kiwe ushahidi wake.

Jumatatu Jeska alisimamishwa kazi. Kamati ya chuo ilipangwa kukaa baada ya wiki tano. Kama vipande havitapatikana, faili lingepelekwa wilayani, na mwaka ule faili la namna hiyo halikwenda peke yake. Lilikwenda na mwenyewe, na mwenyewe hakujua atarudi lini.

Piano ililetwa karakana kwa Hamduni kwa trekta la chuo. Alipewa kazi mbili: kutengeneza kilichoharibiwa na panya, na kuchonga vibao kumi na vinne ikiwa vya asili havitapatikana. Alianza na ya pili, kwa sababu aliipenda zaidi. Alichonga kimoja cha mpingo, akakipiga msasa hadi kikang'aa, akakiweka kwenye pengo la kwanza. Kilikaa vizuri kabisa. Akakibonyeza.

Ikalia sauti ya kibao cheupe cha kushoto. Akabonyeza tena akiegemea upande wa pili. Ikalia ya kulia. Akabonyeza katikati. Zikalia zote mbili kwa pamoja, kama watu wawili wanaogombana.

Akafungua ubao wa mbele, akaona ndani kwa mara ya kwanza. Kila kibao kilikuwa na nyundo yake ndogo iliyovikwa sufi, na kila nyundo ilikuwa na nyaya zake. Alizihesabu nyundo akiziwekea alama ya chaki. Themanini na tano. Vyeupe hamsini, vyeusi thelathini na vitano: themanini na tano. Akarudia. Akarudia mara ya tatu. Hakuna nyundo iliyokosa kibao, na kwa vibao vile kumi na vinne hapakuwa na nyundo, wala waya, wala tundu la msumari.

Alikaa juu ya gogo. Mkewe, Mwanahalima, alimkuta hapo akiwa na chai.

"Baba Shani, unaumwa?"

"Mwizi kaiba na nyundo zake."

"Na nyaya?"

"Na nyaya."

"Na matundu ya nyaya?"

"Ameyaziba."

Mwanahalima alitazama ndani ya piano, halafu akamtazama mumewe. "Akayaziba, akasogeza na hizi zilizobaki zikae karibu karibu, pasijulikane? Basi mtafute huyo mwizi, umwajiri. Wewe unatuchelewesha."

Hamduni hakucheka. Usiku alilala, asubuhi akaamka na swali lilelile. Kama vibao havikuwapo, kwa nini mapengo? Ni fundi gani duniani anayepanga ngazi halafu anaruka vidato mahali mahali, na kuruka kwenyewe hakufuatani, mara baada ya viwili, mara baada ya vitatu? Na kama vilikuwapo, nyundo zake ziko wapi? Majibu yote mawili hayakuwezekana, na mwanamke wa watu alikuwa nyumbani akisubiri moja kati yake.

Aliambiwa kwamba Butiama kuna katekista mstaafu, Mwalimu Clementi Nyamhanga, anayefundisha kwaya kwa kinanda cha kukanyaga. Jumamosi iliyofuata aliendesha baiskeli yenye tairi la nyuma lililoshonwa, akafika jua la utosi. Mwalimu Clementi alikuwa ndani ya kanisa dogo akifuta vumbi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa Bunda?"

"Ndiye mimi."

Hamduni alisogea karibu na kinanda. Viwili, pengo. Vitatu, pengo. Akashika kichwa.

"Mwalimu! Na huku wamepita!"

"Akina nani?"

"Wezi wa vyeusi!"

Mwalimu Clementi alicheka mpaka akakohoa, akakaa kwenye benchi, akajifuta machozi kwa kile kitambaa cha vumbi. Kisha akakunja uso.

"Kumbe ni kweli nilivyosikia. Yule dada amesimamishwa kwa mapengo haya?"

"Kwa hiyo ndivyo vilivyo?"

"Ndivyo vilivyo tangu nilipokuwaga mtoto wa shule."

"Kwa nini?"

"Ndivyo vilivyo."

"Hilo si jibu, mwalimu. Kitu kikitengenezwa kombo mara mbili bado ni kombo. Naweza kwenda kuiambia kamati kwamba ndivyo vilivyo? Bwana Silasi atasema na huku waliiba."

Mwalimu alikitia kitambaa mfukoni. "Nikikuambia mimi, utaenda kuandika maneno yangu uweke sahihi, kama ulivyoandika yale mengine. Sikwambii. Kaa hapa ujifunze, ujue mwenyewe. Nawa mikono kwanza."

Ndivyo mtu wa miaka arobaini na sita, asiyewahi kuimba zaidi ya kaswida za utotoni, alivyoanza masomo ya kinanda.

Somo la kwanza lilikuwa la kukaa. Mgongo wima, viwiko visibanwe, vidole vikunjwe kama vimeshika yai. Vidole vya Hamduni vilizoea kushika nyundo. Viliposhika yai hilo lisiloonekana vililivunja. Kidole cha nne kiligoma kuinuka bila cha tatu. Mwalimu alivihesabu vidole kuanzia gumba, moja mpaka tano, na mkono wa kushoto vilevile kuanzia gumba, na Hamduni aliuliza kwa nini mkono wa kushoto uhesabiwe kinyumenyume. Mwalimu alimwambia apige.

"Do ni hiki," alisema, akionyesha cheupe kilicho kushoto kwa vyeusi viwili. "Do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Imba huku unapiga."

"Na hiki?"

"Hicho pia ni do."

"Na kile kule mwisho?"

"Do."

"Do ngapi?"

"Imba, fundi."

Alirudi Bunda na somo moja kichwani: do iko kushoto kwa vyeusi viwili. Wiki nzima alilifanyia mazoezi karakana kati ya kitanda kimoja na kingine. Wateja walisimama mlangoni wakishangaa. Mmoja alimuuliza kama ameokoka.

Jumamosi ya pili alikaa mwenyewe, akakunja vidole, akaweka gumba kwenye do.

"Leo hapana," alisema mwalimu. "Leo do iko hapa." Akaonyesha cheupe kilicho kushoto kwa vyeusi vitatu.

"Mwalimu, wiki iliyopita do ilikuwa hapa!"

"Imehama."

"Imehama vipi na kibao hakijahama?"

"Kwaya ikiimba juu zaidi, do inakwenda nayo. Do, re, mi, haya, fa usipige cheupe. Piga kile cheusi cha tatu."

"Fa ilikuwa nyeupe."

"Leo ni nyeusi."

Hamduni aliondoa mikono. Siku hiyo aliona kama amejiunga na watu wasiokuwa na ukweli hata mmoja unaokaa mahali pake. Kwa maseremala futi moja ilikuwa futi moja Bunda, Mugeta na Musoma mjini. Hapa jina lilihama, rangi ilibadilika, na mzee wa watu hakuona ubaya wowote. "Kama kila kitu kinahama," alisema, "kamati itapata wapi pa kushika?"

"Sikiliza, usitazame," mwalimu alimjibu. "Wewe tangu uje unatazama tu."

Aliondoka amekasirika. Na hapa nampa haki yake: aliporudi hakuacha. Wengi wetu tukichanganyikiwa hurudi kwenye kosa la zamani kwa sababu tumelizoea, tukaita huko kurudi kuwa ni msimamo. Yeye alikuwa amechanganyikiwa kuliko mwanzo, na bado Jumamosi ya tatu alikwenda, na ya nne.

Ilikuwa Jumanne, baada ya Jumamosi hiyo ya nne, akipiga randa ubao wa mninga. Alikuwa akiimba chini chini, do, re, mi, fa, bila kinanda, akiivuta randa kwa kila sauti. Akagundua kwamba mkono wake ulivuta mrefu, mrefu, halafu mfupi. Akasimama. Akaimba tena polepole. Kutoka do kwenda re, sauti ilipanda hatua nzima. Kutoka re kwenda mi, hatua nzima. Kutoka mi kwenda fa, ilipanda kidogo tu, kama mtu anayevuka kizingiti. Hakuna aliyemwambia koo lake lifanye hivyo.

Alikwenda kwenye piano. Do na re, re na mi: katikati kuna cheusi. Mi na fa: vyeupe viwili vilivyogusana, penye pengo. Ti na do: vyeupe viwili vilivyogusana, penye pengo. Akahamisha do kama mwalimu alivyoihamisha. Mi ikawa nyeupe, fa ikawa nyeusi, na vilikuwa vimegusana vilevile. Alijaribu kuanzia mahali pa tatu na pa nne. Popote do ilipokwenda, ile hatua fupi ilikwenda nayo, na vyeusi vilikuwa tayari vinaisubiri. Kwenye mapengo hapakukosekana kitu. Hatua ilikuwa fupi tayari. Kibao cha ziada kingekaa kati ya vitu visivyo na kati.

Hakuelewa kwa nini ngazi ya sauti imeumbwa kombo. Lakini alielewa kwamba Jeska hakuiba.

Siku ya pili yake, kabla hajajua ataiambiaje kamati, Jeska mwenyewe alikuja karakana. Alikuwa amekonda. Hakukaa.

"Fundi, nasikia ulishachonga kimoja."

"Nilichonga."

"Chonga vyote. Bwana Silasi amesema vikipatikana, faili linafungwa hapahapa chuoni. Nitasema vilikuwa kwenye gunia nyuma ya majembe."

"Dada yangu, vibao hivyo havikuwahi kuwapo. Nimejifunza. Nina—"

"Mimi najua havikuwahi kuwapo!" Jeska alisema. "Nilikwambia siku ya kwanza. Ulihitaji kwenda Butiama mara nne ukaimbe ndiyo unisadiki?"

"Nikichonga," Hamduni alisema, "utakuwa umerudisha. Aliyerudisha ni aliyechukua. Watakuandika mwizi maisha yako yote."

"Nitakuwa mwizi aliye nyumbani na wanawe. Ukweli wako ukikataliwa nitakuwa wapi?"

Hamduni alimwomba ampe muda mpaka siku ya kamati. Jeska aliondoka bila kuaga.

Siku mbili zilizobaki kabla ya kamati fundi Hamduni hakufanya kazi. Mpingo ulikuwa juu ya meza, na mikono yake ilikuwa na uwezo wa kuumaliza kwa siku moja na nusu. Uongo wa pili ungemrudisha mwanamke nyumbani haraka. Ukweli ungeweza kumpeleka mbali. Alimuuliza mkewe. Mwanahalima alisema, "Ulipoandika mara ya kwanza hukuniuliza." Alimuuliza imamu kwa mafumbo, akajibiwa kwa mafumbo. Mwisho aliutia mpingo ndani ya sanduku la vifaa. Uongo wa kwanza aliusema kwa kutojua. Huu angeusema akijua, na ungehitaji sahihi yake ileile. Nasema alifanya sawa, ingawa najua haikuwa shingo yake iliyokuwa kwenye kamba.

Kamati ilikaa ukumbini, watu saba, Bwana Silasi akiwa mwenyekiti. Piano ilirudishwa kwa trekta. Jeska alikaa kwenye kiti cha peke yake karibu na dirisha.

"Fundi, vipande vimepatikana?" Bwana Silasi aliuliza.

"Havikupotea, ndugu mwenyekiti. Naomba mnisikilize."

"Tunataka vipande, sio hotuba."

"Basi nichekeni kwa ujinga wangu, lakini kwanza mniimbie. Nani hapa ni mwanakwaya?"

Wanne kati ya saba walikuwa wanakwaya. Hamduni alikaa, mgongo wima, akatafuta do. Akakosa. Akaanza upya, akapiga kidato kimoja kimoja, nao wakaimba do mpaka do, kwanza kwa aibu, kisha vizuri.

"Sasa," alisema, "ndugu mwenyekiti, naomba uniimbie sauti iliyo kati ya mi na fa."

Bwana Silasi alikuwa besi wa kwaya yake, mtu wa kujivuna kidogo. Alikohoa, akaimba mi. Akaimba fa. Akajaribu katikati. Kilitoka kitu kama mlio wa mbuzi anayevutwa kamba, na mjumbe mmoja akaangusha kalamu kwa kicheko.

"Hamna," Bwana Silasi alisema, uso umemwiva.

"Ndiyo maana hapana kibao. Na kama nyimbo hazitoshi," Hamduni aliondoa ubao wa mbele, "hesabuni nyundo. Vibao themanini na tano. Nyundo zikizidi hata moja, nipelekeni mimi wilayani."

Bwana Silasi alihesabu mwenyewe. Alipomaliza alikaa, akachukua ile karatasi ya kwanza.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Umeandika vinaonekana kung'olewa. Uliona alama ya kung'olewa?"

"Hapana. Nilipitisha kidole, nikakuta laini."

"Kwa hiyo uliandika uongo."

Angeweza kusema alidhani, au kwamba ulikuwa mwaka wa msako na kila mtu alifanya hivyo. Alisema, "Niliandika nisichokijua, nikakiandika kama mtu anayekijua. Dada huyu alinikanusha na alikuwa sahihi."

Wakamwagiza aandike hayo. Aliandika ukurasa mzima. Faili halikwenda wilayani. Chuo hakikumpa kazi nyingine tangu siku hiyo, na hakulalamika.

Baada ya siku tisa Jeska alipewa barua ya kurudi kazini. Ilisema amerudishwa *kwa kukosekana kwa ushahidi*. Hamduni aliposikia maneno hayo alikwenda ofisini. Bwana Silasi alimwambia aridhike. Akarudi tena. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, mpaka barua ikaandikwa upya: *hakuna kilichopotea.* Aliomba nakala yake, akaenda nayo stoo.

Jeska aliisoma akiwa amesimama, mara mbili. Hakuichukua.

"Tangazo la kusimamishwa kwangu lilikaa wiki tano kwenye ubao wa pale mlangoni," alisema. "Wanachuo wote walilisoma. Hii nayo kaibandike pale. Na ule ukurasa wako pia."

"Ukurasa wangu una jina langu."

"Nalijua. Tangazo lile lilikuwa na langu."

Ilikuwa saa nne, wanachuo wako mapumzikoni. Hamduni alitoa nyundo kwenye sanduku, akagongomea karatasi zote mbili kwa misumari minne kila moja, zikae wima. Wanachuo walisogea. Msichana mmoja alisoma kwa sauti mpaka mwisho, akageuka.

"Fundi, huyu Hamduni Shomari ni wewe?"

"Ni mimi," alisema, akasubiri pale ili kama kuna mwenye swali jingine, aulize.